Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwenda KCMC na Mawenzi, kwa mgonjwa na anayemsindikiza

Maswali haya ni ya watu wanaoshuka stendi ya Moshi wakiwa na mgonjwa na bahasha ya karatasi: kutoka Rombo, Same, Mwanga, Siha, na wengine kutoka Arusha na Babati. Majibu yameandikwa kwa mtazamo wa anayesindikiza, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayekimbia madirishani wakati mgonjwa amekaa kwenye benchi.

Tumeambiwa "nendeni rufaa Moshi". Ni hospitali ipi hiyo?

Soma barua kabla hujapanda gari. Moshi ina hospitali mbili zinazoitwa za rufaa na ngazi zake ni tofauti. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kilimanjaro, ni ya serikali, na iko mjini. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, iko nje ya katikati ya mji, upande wa kupanda mlimani. Hiyo ilifunguliwa Machi 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema ambalo ni la makanisa, na inafanya kazi kwa ushirikiano na serikali. Inapokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, na wengine wa mbali zaidi.

Watu hushuka, wakamwambia bodaboda "nipeleke rufaa", naye anawapeleka anakodhani yeye. Mtajie jina la hospitali. Ukipanda daladala ni rahisi zaidi, maana ya KCMC imeandikwa KCMC.

Sisi tunatoka Arusha. Lazima tuje mpaka Moshi?

Si lazima, kama tatizo linaweza kutibiwa huko. Mount Meru, jirani na jengo la mikutano la AICC, ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Arusha, na chini yake kuna vituo vya afya kama Kaloleni na Levolosi ambavyo vinamaliza mambo mengi ambayo watu huyapandishia gari bure. Kuna pia hospitali ya ALMC ya Walutheri pale mjini na Selian kule Ngaramtoni. Ukiandikiwa KCMC, barabara ni kama kilomita 80. Kliniki huanza asubuhi na foleni ya faili huanza kabla ya kliniki, kwa hiyo ukitoka Arusha saa 3 asubuhi ujue umeshachelewa. Mwenye ndugu Moshi alale kwake usiku wa kuamkia kliniki.

Naweza kwenda KCMC bila barua ya rufaa?

Kwa dharura, ndiyo, nenda. Kwa mambo mengine barua inakuokoa hela na muda. Bila barua unaweza kupokelewa ukalipia zaidi, na mwenye bima anaweza kukuta bima haimlipii kwa sababu ameruka ngazi. Mpangilio wa nchi ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mkoa, kanda, kisha taifa. Hospitali za misheni kama Kibosho, Kilema, Machame na Huruma ya Rombo nazo huandika rufaa, na madaktari wa huko wanajua kabisa ugonjwa gani unapelekwa kliniki gani. Waulize wakuandikie na siku ya kliniki. Kliniki za madaktari bingwa zina siku zake. Ya Jumanne haitakusubiri Alhamisi.

Tubebe nini?

Barua ya rufaa, kadi ya bima kama ipo, kitambulisho cha taifa au namba yake, kadi ya kliniki ya zamani, majibu yote ya vipimo hata yaliyokunjamana, na picha za eksirei. Dawa anazotumia mgonjwa usizitaje kwa rangi. Beba vikopo vyenyewe. "Kidonge cheupe cha presha" daktari hawezi kukitambua.

Kwa anayeweza kulazwa: mashuka mawili, blanketi, kandambili, beseni, sabuni, kikombe na kijiko, chaja ya simu. Kuanzia Juni mpaka Agosti Moshi kuna baridi, na benchi la korido ni la baridi zaidi. Mzee asitoke nyumbani bila sweta.

Nikishaingia getini naanzia wapi?

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanadhani wanapotea kwenye majengo. Majengo yana vibao, na kila mlinzi anajua wodi iko wapi. Watu wanapotea kwenye madirisha. Mgonjwa amekaa mlango sahihi wa daktari tangu saa 2 asubuhi, lakini faili lake halijafika, na halijafika kwa sababu kuna dirisha moja lilirukwa.

Kwa hiyo usifuate korido, fuata karatasi. Safari ya karatasi, kwa hospitali zote kubwa ninazozijua, ni hii. Unaanza mapokezi, kwenye kumbukumbu za wagonjwa: mgeni anaandikishwa na kupewa namba, wa zamani anatoa kadi ili faili lake lifunguliwe. Namba hiyo ndiyo jina lako humo ndani. Ipige picha kwa simu, iandike na nyuma ya kadi, maana majina ya Mushi, Massawe na Lyimo yamejaa, na ukiita "Mama Mushi" kwenye benchi la Moshi watasimama watu watatu.

Kisha malipo au bima. Asiye na bima analipia kumuona daktari. Katika hospitali za serikali unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Mwenye bima anapitia dirisha la bima kuhakikiwa kadi. Baada ya hapo nesi anapima presha, joto, uzito, na ndipo unakaa kwa daktari. Daktari akiandika vipimo, usikimbilie maabara moja kwa moja: malipo kwanza, au uthibitisho wa bima, halafu maabara au chumba cha eksirei. Majibu yakitoka unarudi kwa daktari yule yule, na hapa wengi hukosea, wanapanga foleni upya nyuma. Muulize nesi wa mlangoni, "Sista, nimerudi na majibu, niingie wapi?" Kwa kawaida wanaorudi na majibu wana utaratibu wao. Mwisho ni malipo ya dawa na dirisha la dawa.

Kila ukitoka dirishani uliza swali moja tu: "Baada ya hapa naenda wapi?" Ukiulizia dirisha la tano ukiwa la kwanza utasahau.

Kadi yangu imeandikwa 8:00. Nije saa ngapi?

Saa 2 asubuhi. Hospitali huandika saa kama zinavyosomeka kwenye simu. Lakini ukifika saa 2 kamili utakuta wenzako wamefika saa 12.

Mgonjwa yuko hoi. Bado tupange foleni?

Hapana. Usipeleke mgonjwa wa dharura mapokezi ya kawaida. Sema getini "dharura" na mlinzi atakuonyesha idara ya magonjwa ya dharura. Huko hawatibu kwa kufuata aliyetangulia. Nesi anamwangalia kila anayeingia na kumpanga kwa uzito wa hali yake, kwa hiyo usikasirike aliyekuja nyuma yako akiingizwa kwanza. Mtu anayeshindwa kupumua, anayevuja damu, aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, au aliyepooza upande ghafla anatangulia wote. Kwa huyu wa kupooza, kumbuka saa kamili alipoanza. Ni swali la kwanza utakaloulizwa na jibu lake linabadilisha matibabu.

Ajali ya bodaboda au mtu aliyepigwa: fomu ya polisi ya PF3 itahitajika, lakini kuokoa maisha kunatangulia. Mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende polisi.

Mjamzito mwenye dharura, au mama aliyejifungua na kichanga chake, piga 115. Ni bure, na ndiyo namba ya mfumo wa m-mama wa kutafutia usafiri. Wa Rombo na Upareni milimani waiweke kwenye simu kabla tumbo halijakua.

Bima yangu itanilipia kila kitu?

Usiingie ukiamini hivyo. Mwenye NHIF, bima ya afya ya taifa, ahakikishe kadi iko hai siku mbili tatu kabla. Mchango wa mwajiri ukichelewa, unayeaibika dirishani ni wewe. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, inafuata ngazi za rufaa na inaishia hospitali ya mkoa, kwa hiyo Mawenzi sawa, KCMC usiitegemee. Baadhi ya vipimo vikubwa na dawa za gharama huhitaji kibali cha bima kwanza, na kibali hicho kinaombwa na hospitali, si wewe. Kazi yako ni kuuliza kama kimeshaombwa. Uliza kila siku, kwa upole. Dawa ikikosekana dirishani, usitoke nje kununua kabla hujaulizia fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka linalopokea bima yako.

Hatuna bima wala hela ya kutosha. Tufanyeje?

Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii mapema, mgonjwa akiwa bado anatibiwa. Watu huifahamu ofisi hii siku ya kuruhusiwa bili ikiwa mezani, na wakati huo afisa ana nafasi ndogo ya kusaidia. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inaeleza hali ya familia, njoo nayo. Kwa sera, katika hospitali za serikali watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha. Kifua kikuu na dawa za VVU hazilipiwi.

Mzee wangu hawezi kusimama kwenye foleni.

Ulizia dirisha la wazee. Kama lina foleni nalo, na mara nyingine linayo, mkalishe mzee, wewe ushike karatasi. Kiti cha magurudumu huombwa getini au mapokezi na utatakiwa uache kitambulisho. Mzee anayesema Kirombo au Kimasai peke yake asiachwe aingie kwa daktari bila mtu wa kumtafsiria. Na mwambie mtafsiri aseme alichosema mzee. Watoto wa siku hizi wana tabia ya kumjibia baba maswali kabla hajafungua mdomo.

Kliniki za macho, ngozi, mifupa na saratani ni humo humo?

KCMC ni kubwa na baadhi ya idara zina majengo na mapokezi yake, kwa hiyo taja idara ukiwa bado getini. Ya ngozi iko chini ya kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992. Ndugu zetu wenye ualbino wanakijua vizuri, maana mafuta ya Kilisun ya kukinga jua yalianza kutengenezwa hapo KCMC. Viungo bandia na vifaa vya kutembelea vinahusiana na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo. Kituo cha saratani kimekuwepo tangu 2016, na matibabu ya dripu ambayo zamani yalikuwa lazima yafuatwe Ocean Road, Dar es Salaam, kwa wengi yanapatikana hapa.

Kibong'oto si idara ya KCMC. Ni hospitali ya magonjwa ambukizi wilayani Siha, ilianza 1926, na aliyeandikiwa huko kwa kifua kikuu sugu anapanda gari la njia ya Sanya Juu.

Nimekuja kumuona mgonjwa. Saa za kuona ni zipi, na nitampataje?

Hospitali nyingi hufungua mara tatu: asubuhi mapema, mchana wa chakula, na jioni. Saa kamili zimebandikwa getini, na wodi za wagonjwa mahututi, watoto wachanga na wazazi zina masharti yake makali zaidi. Mlinzi hana mamlaka ya kukuonea huruma kwa sababu umetoka Dar, usimgombeze.

Ili umpate, unahitaji majina yake matatu kama yalivyoandikwa siku ya kulazwa, na tarehe. "Baba Neema" haimo kwenye daftari. Mgonjwa huhamishwa: aliyelazwa dharura usiku asubuhi anaweza kuwa wodi nyingine. Ukikuta kitanda kitupu, usipige yowe, nenda meza ya manesi.

Waingie wawili wawili. Desemba ndiyo mwezi mgumu, Wachaga wakishapanda kwao, kila aliyerudi anataka kwenda kumpa pole shangazi aliyelazwa, na wodi inajaa ukoo mzima na maboksi ya juisi. Mgonjwa anachoka kusalimiana. Watoto wadogo waache nyumbani, na usimpige mtu picha kitandani; aliye jirani naye hakukubali kutumwa kwenye kundi la familia yenu.

Naweza kuleta chakula?

Ndiyo, na wengi hutegemea cha nyumbani. Lakini uliza nesi kwanza. Mgonjwa wa sukari, wa figo, wa presha kila mmoja ana chakula chake, na anayesubiri upasuaji akipewa hata uji kidogo kwa huruma upasuaji unaahirishwa. Mama aliyejifungua kwa kawaida atafurahia mtori kuliko chochote. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri aruhusiwe. Mtori uwe mlaini, kwenye hotipoti yenye mfuniko unaofunga, na jina limeandikwa. Hotipoti zisizo na jina huhama makwao.

Nani atanieleza hali ya mgonjwa wangu?

Daktari wa wodi, baada ya raundi ya asubuhi. Nesi atakuambia amelalaje na kama amekula, lakini majibu ya vipimo na mpango wa matibabu ni vya daktari. Familia ichague msemaji mmoja. Daktari akieleza jambo lile lile kwa kaka, kwa shemeji, kisha kwa mjomba kwenye simu, kila mmoja anatoka na habari yake na ugomvi unaanza nyumbani.

Utaona vijana wengi wenye makoti meupe. KCMC ni hospitali ya kufundishia. Wanafunzi wanauliza maswali mengi na mara nyingine wao ndio wanaogundua jambo lililosahaulika, lakini mgonjwa ana haki ya kusema asiguswe na kundi zima. Aseme tu, "Naomba abaki daktari."

Tumeambiwa tulete watu wa kuchangia damu. Je, damu inauzwa?

Haiuzwi. Ndugu huombwa kuchangia ili akiba isipungue, hata kama kundi lao si la mgonjwa. Anayechangia awe na miaka 18 mpaka 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe amekula. Mwanaume hupumzika miezi 3 kabla ya kuchangia tena, mwanamke 4. Mtu akikuambia ana "chupa ya haraka" kwa kiasi fulani, huyo ni mwizi.

Kuna mtu amejitolea kunisaidia nisipange foleni.

Huyo ni kishoka. Atakuwa na shati safi, anajua majina ya madaktari, na atataka umtumie hela kwenye namba yake. Lipa dirishani au kwa namba ya malipo ya hospitali, uchukue risiti, basi. Jihadhari pia na simu inayosema "mgonjwa wako yuko thieta, tuma hela ya dawa sasa hivi". Kata, piga kwa ndugu aliye wodini. Mtumishi akikuomba rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Tunaomsindikiza tulale wapi?

Si kwenye korido, ingawa utaona watu wamejaribu. Kuna gesti za bei tofauti kuzunguka Longuo na kuteremka kuelekea mjini. Uliza mapokezi kama ipo sehemu ya kufikia ndugu wa wagonjwa, na uulize kwa wauza chai wa nje ya geti. Wanajua gesti ipi ina maji ya moto na ipi ina kelele za baa.

Daktari ameruhusu tangu asubuhi, mbona hatutoki?

Kwa sababu daktari ameruhusu mgonjwa, faili bado. Linafungwa wodini, linapelekwa bili, bima inahakikiwa, dawa za kwenda nazo zinatolewa, ndipo mnapewa karatasi ya kuonyesha getini. Usimwite teksi mapema, na usimvue mgonjwa sweta akae anasubiri na begi mlangoni. Kabla ya kuondoka hakikisha mna muhtasari wa matibabu, tarehe ya kurudi kliniki, na maelezo ya kila dawa. Aliyejifungua asisahau karatasi ya tangazo la kizazi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaanzia hapo.

Mgonjwa amefariki. Tunaanzia wapi?

Poleni. Wodi huwapa taarifa na mwili hupelekwa chumba cha maiti. Mtu mmoja mwenye utulivu, si mfiwa wa karibu, ashike karatasi: uthibitisho wa kifo, bili, kibali cha mazishi. Deni likiwazidi, rudini ustawi wa jamii na mkubaliane namna ya kulipa. Msipange siku ya mazishi kijijini kabla karatasi hizo hazijakamilika, kwa sababu watu wataanza kusafiri.

Sikuridhika na huduma. Nimwambie nani?

Anza na nesi kiongozi wa wodi hiyo. Mengi huishia hapo. Yasipoisha, nenda ofisi ya huduma kwa wateja ukiwa na tarehe, saa, jina la kliniki na risiti. Sanduku la maoni lipo, lakini mtu aliyekaa mbele ya meza husikilizwa haraka kuliko karatasi iliyokunjwa. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, bure, na unaweza kupiga ukiwa umeshafika nyumbani.